Waya Mrefu wa Ukweni

Sogeza kiti karibu, wewe uliyenunua mita yako ya kwanza ya kupimia volti juzi, unisikilize. Nimestaafu. Mikono yangu bado inajua kumenya waya bila kutazama, lakini magoti yamegoma kupanda ngazi, na fundi wa sola asiyepanda ngazi huitwa mshauri, yaani mtu anayekunywa chai wenzake wakifanya kazi. Vijana wa chama chetu cha mafundi hapa Kakamega wameniomba niandike machache kuhusu kazi hii. Nadhani walitaka nitaje zile shule na zahanati. Hizo zina vibao vyake ukutani. Mimi nitakueleza habari ya nyumba ndogo ya mabati karibu na Iguhu, ambayo mpaka leo nikipita hapo natazama upande wa pili wa barabara.

Ila tuanze mwanzo, ujue nilichokuwa nakijua wakati ule. Usipojua hilo, aibu yangu haitakuelea.

Nilifunzwa kazi na Fundi Swaleh, mzaliwa wa Mumias, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Kakamega, nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati la kanisani. Aliitikia salamu yangu, akalitazama lile shati, akanipa karai lililojaa vipande vya waya. "Vipange kwa unene," akasema. Nikavipanga haraka, vinene huku, vyembamba kule, nikasimama kungoja sifa. Akakichukua kile nilichokiona kinene kuliko vyote, akakimenya kwa meno. Ndani mlikuwa na nyuzi chache za shaba, kama ndevu za mvulana.

"Hii plastiki ni shati," akaniambia. "Mimi nimekuuliza mwili."

"Nimekosea, fundi."

"Hujakosea peke yako. Wallahi, nusu ya mji huu inanunua mashati."

Tangu siku hiyo sijanunua waya bila kuiona shaba yake. Nawe usinunue. Muuzaji akikukataza kumenya ncha, muage kwa heshima uende duka la pili.

Ni yeye pia aliyenieleza kwa nini umeme hupotea njiani. Mimi ni mtoto wa Navakholo, kwa hiyo alichagua mfano wa kwetu.

"Umewahi kuona trela la miwa likipita kijijini kwenu?"

"Mara nyingi."

"Likitoka shambani limejaa. Likifika kiwandani?"

Nikacheka, kwa sababu nilikuwa mmoja wa watoto waliokimbia nyuma yake wakichomoa miwa. "Limepungua."

"Basi waya ni ile barabara. Ikiwa ndefu, watoto ni wengi. Ikiwa nyembamba, trela linajikokota, na watoto wanachomoa wapendavyo."

Mfano huo una kasoro zake, lakini umewaelewesha wateja wangu wengi kuliko hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu, usiiogope. Kila waya una ukinzani, mdogo tu, nao huongezeka kwa kila hatua unayoongeza. Uhesabu kwenda na kurudi, maana umeme wa sola huenda kwa waya mmoja ukarudi kwa mwingine. Wanafunzi wangu wengi husahau kurudi. Zidisha ukinzani huo kwa ampea zinazopita, utapata volti zinazobaki njiani. Katika stima ya nguzo, yenye volti mia mbili na arobaini, ukipoteza mbili hakuna atakayejua. Katika mfumo wa volti kumi na mbili, ukipoteza mbili umempokonya mtu taa.

Miaka ikapita, redio zikapungua kibandani na paneli zikaongezeka. Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Likuyani, kwa mkulima wa mahindi aliyezungukwa na mikaratusi. Kivuli kilifunika paa lake karibu siku nzima. Nikamshauri akate miti miwili. Akaniambia miti ile ilipandwa na baba yake na haitakatwa kwa ajili ya redio. Basi paneli ikabidi zikae juu ya ghala la mahindi, mbali na nyumba. Nilipomtajia waya mnene uliohitajika, aliniuliza kama nilikuwa nampelekea umeme yeye au wilaya nzima.

Nilirudi mjini, nikakaa na Fundi Swaleh, tukaipata njia. Nilifunga paneli mbili kwa kufuatana, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, volti zikawa maradufu. Karibu na betri, ndani ya nyumba, nikaweka kontrola ya aina inayoweza kupokea volti nyingi na kuzishusha zifae betri. Mzigo ule ule ukisafiri kwa volti maradufu, ampea hupungua nusu. Na ampea zikipungua nusu, hasara ya njiani hupungua hadi robo. Soma tena sentensi hiyo, ndiyo iliyonilisha. Mkulima akapata taa, mikaratusi ikabaki, nami nikaanza kuitwa kufundisha wenzangu. Nilisimama mbele ya ubao mjini nikasema: waya mrefu ni mwizi, betri ikae karibu na taa. Nilisema kwa sauti kubwa, chaki mkononi.

Wakati huohuo ndipo mama mkwe wangu alipoanza kusumbuliwa na kifua.

Mke wangu, Mama Linet, ni mtu wa Idakho, na kwao ni karibu na Iguhu. Mama yake, Mama Rebeka, alikuwa mjane, akiishi na mwanawe wa mwisho, Josiah, mtu mzima mwenye pikipiki ya bodaboda. Josiah alikuwa na simba yake, ile nyumba ambayo kijana hujengewa akishakua, upande wa chini wa boma, ng'ambo ya migomba. Mama Rebeka alikuwa akitumia koroboi, taa ya mkebe yenye utambi na moshi mwingi kuliko mwanga. Mke wangu akaniambia, "Baba Linet, unawawekea watu taa mpaka Likuyani. Mama yangu anavuta moshi."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Lakini kulikuwa na kikwazo, nawe kama ni wa huku umekwisha kukijua. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Huingii chumba anacholala, hukitazami kitanda chake, na kupanda juu ya paa linalokifunika kitanda hicho ni jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka akiwa amelewa. Tena mkwe halali ukweni. Jua likianza kushuka, unaaga.

Josiah angeweza kupanda, lakini nilikuwa nimemwona akipigilia msumari. Alipiga kama anayeua nyoka. Sikutaka kumwachia mjane paa linalovuja.

Kwa hiyo niliweka paneli juu ya simba. Betri na kontrola nikaviweka ndani ya simba hiyohiyo, Josiah awe mwangalizi. Kutoka hapo nikavuta waya juu ya nguzo za miti, ukapita juu ya migomba mpaka nyumba ya Mama. Chumbani mwake Josiah ndiye aliyefunga holda ya balbu, mimi nikimpigia kelele za maelekezo kutoka uani, mgongo wangu ukiwa umeuelekea mlango.

Hesabu nilipiga. Taa mbili ndogo, ampea hata moja hazifiki. Nikachagua waya wa milimita mbili na nusu, nikaona hasara haitafika nusu volti. Alasiri hiyo taa ziliwaka. Senje Truphena, dada ya marehemu baba mkwe wangu, mama mwenye mdomo usio na kufuli, alipiga vigelegele. Mama Rebeka alinishukuru akiwa nyuma ya mlango. Nikala ingokho kwa obusuma, yaani kuku kwa ugali, nikapewa hata firigisi, nikaondoka mapema kama mkwe mwema.

Baada ya hapo nilikwenda mara nyingi. Kila mara mchana, kila mara nikikaa kiti cha karibu na lango. Kila mara niliuliza, "Taa zinaendeleaje, Mama?" Na sauti yake ilitoka ndani: "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki." Nilirudi nyumbani nimejaa.

Misimu kadhaa ya mvua ikapita. Siku moja tukaitwa hospitalini: Mama amelazwa, kifua kimembana. Mke wangu aliketi kando ya kitanda. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi, nikitazama dirisha, kama inavyopasa. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alimuuliza, "Mama, nyumbani unatumia taa gani?"

"Stima ya jua," akajibu, na licha ya kuhema nilisikia fahari katika sauti yake. "Mkwe wangu ndiye aliyeniwekea. Yule pale mlangoni. Ni fundi mkubwa."

Wodi nzima iligeuka. Bibi mmoja wa kitanda cha pembeni alinipungia mkono. Nami, Mungu anisamehe, nilinyoosha mgongo.

Daktari alichukua pamba yenye maji, akampangusa Mama puani. Ikatoka nyeusi. Akaigeuza, akapangusa tena. Nyeusi.

"Haya ni masizi, Mama. Tena mapya."

"Labda ya jikoni."

"Ya jikoni hayaingii ndani hivi. Unalala karibu na moshi. Kifua hiki hakiwezi kustahimili hata mwezi mmoja zaidi wa hali hii. Niambie ukweli."

Mama Rebeka alivuta leso akajifunika uso. Hakuwa anamficha daktari. Alikuwa ananificha mimi.

Nje, karibu na bomba la maji, nilimuuliza mke wangu, "Anatumia koroboi?"

Akatazama chini. "Anaiwashanga."

"Tangu lini?"

"Tangu Josiah aweke televisheni. Halafu redio. Halafu hizo taa mbili zingine, moja ya jikoni, moja ya mlangoni. Sasa jioni taa ya chumba cha Mama inakuwanga nyekundu kama jicho la mlevi. Akitaka kusoma Biblia, anawasha mkebe."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Alitukataza wote. Alisema mkwe haambiwi kazi yake ni mbaya. Alisema utaona aibu."

"Sasa mimi hapa nimesimama naona nini?"

Alifungua bomba akanawa uso, nami nikamshikia kitambaa.

Siku hiyohiyo nilishuka mpaka kwenye boma na mita yangu. Josiah alinifuata huku na huku. Nilipima kwenye betri: kumi na mbili nukta sita. Nikaondoa balbu ya sebuleni kwa Mama, nikapima kwenye holda: kumi na mbili nukta sita.

"Sasa shida iko wapi, shemeji?" Josiah akauliza. "Mita yako inasema tuko sawa."

Hapo ndipo mafundi wengi hufunga mkoba na kwenda zao, kwa hiyo nielewe vizuri. Umeme usiposafiri, haupotezi kitu. Trela lililosimama shambani haliibiwi na watoto wa barabarani. Kupima kwenye holda tupu ni kupima heshima. Kila mtu anakuwa mzuri akiwa hana kazi. Nikamwambia Josiah awashe kila kitu: taa zote nne, redio, televisheni. Nikapima tena kwenye betri, ikawa imeshuka kidogo tu. Nikaenda kwa Mama nikapima kwenye taa ya sebuleni ikiwa imewaka. Kumi nukta moja. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zikiachwa juu ya migomba. Taa ilikuwa na rangi ya mchuzi.

"Aisee," Josiah akasema. "Na mimi nilifikiria ni balbu za kizee."

Redio na zile taa za nyongeza alizifunga kwa Mama, kwenye mwisho wa waya ule ule mrefu. Televisheni nayo ilikuwa kwa Mama, sebuleni, kwa sababu huko ndiko wageni walikoketi. Hakuna aliyeniuliza. Ungemuulizaje mkwe kama kazi yake inatosha?

Nilikaa juu ya kigogo nikafikiri. Ujanja wa Likuyani haungefaa. Kule waya mrefu ulikuwa kabla ya betri, kati yake na paneli, na hapo unaweza kucheza na volti. Huku waya mrefu ulikuwa baada ya betri, na vifaa vyote vilitaka volti kumi na mbili zao. Ukikutana na waya mrefu, jiulize hilo kwanza: uko kabla ya betri au baada yake? Waya mnene zaidi ungesaidia mpaka siku Josiah atakaponunua friji. Na migomba ilikuwa imekua, ikaanza kuitupia paneli kivuli. Dawa ilikuwa moja, ile niliyokuwa nikiiandika kwa chaki: betri ikae nyumbani kwa Mama, na paneli juu ya paa lake.

Nikamwambia Senje Truphena kwamba nitamtuma fundi mwenzangu kutoka mjini. Alikuwa akichambua mboga. Aliacha.

"Umlete mtu wa mjini aje aone kwamba mkwe wetu alimwekea mama yetu giza? Hiyo aibu yako unataka kutugawia sote?"

"Senje, mimi siwezi kupanda pale. Unajua."

"Najua. Hupandi kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu ya kitanda."

"Basi tutatoa kitanda. Nyumba isiyo na kitanda ni ghala. Hata kuku hupanda ghala."

Wazee wa kiume walioitwa walikuna vichwa. Mmoja akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Senje akamwambia hajawahi kulisikia kwa sababu hakuwahi kuwa na mkwe mwenye ngazi. Mama Rebeka alipelekewa ujumbe hospitalini kupitia kwa mke wangu. Alikubali, akiomba kitu kimoja tu: godoro lifunikwe.

Asubuhi ya kazi, Senje na majirani wawili walikitoa kitanda kikiwa kimefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni. Walikibeba polepole, kama wanaombeba mgonjwa, wakakiweka nyuma ya jiko. Mimi niligeukia ukuta wa nje mpaka nikaambiwa tayari. Ndipo nikaingia chumba kile kwa mara ya kwanza.

Mahali kilipokuwa kitanda, ukuta ulikuwa mweusi kuanzia usawa wa goti hadi juu kwenye mabati. Katikati ya weusi kulikuwa na msumari, na kwenye msumari koroboi. Chini yake chupa ya mafuta ya taa, imefungwa kwa gunzi. Hayo ningeyastahimili. Kilichonishinda kilikuwa balbu. Nyumba nzima ilikuwa na masizi, lakini balbu yangu ilikuwa inang'aa, imefutwa na kufutwa tena, na kwenye waya ulioishikilia Mama alikuwa amefunga kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe kwa sindano, kama vile vya kufunikia viti siku ya wageni. Alikuwa akiipamba taa isiyomwangazia, kisha analala na moshi chini yake.

Mke wangu aliingia, akaniona nimesimama. "Baba Linet, panda," akasema. "Mvua itakuja mchana."

Nikapanda. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua. Bodaboda tatu zilikuwa zimesimama barabarani na abiria wao, kama kwamba kuna mnada. Kila nilipokanyaga, mabati yalilia, na kila yalipolia mtu alicheka. Senje alisimama chini akishika ngazi.

"Mkwe, jichunge na hiyo suruali. Usije ukatuonyesha ambacho hatukuonyeshwa siku ya mahari."

"Senje, nipe bisibisi."

"Nakupa. Lakini usitazame nyuma ya jiko. Kuna mgonjwa amelala pale."

Walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikuweza. Nilikuwa na jasho ambalo si la jua. Hata hivyo mikono ilifanya kazi yake, na nitakueleza ilichofanya, maana ndiyo sababu unanisoma. Toboa mabati kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde, kwa kuwa maji hupita bondeni. Weka mpira chini ya kila msumari wa skrubu. Inua paneli kidogo juu ya bati, upepo upite chini, maana paneli ikipata joto volti zake hushuka. Waya wa kushuka ukate mfupi kadiri uwezavyo, na uwe mnene kuliko unavyodhani unahitaji.

Betri niliiweka sebuleni karibu na mlango, ndani ya sanduku lenye matundu. Sikuiweka chumbani, kwa sababu betri ya aina ile, ya maji ya asidi, hutoa hewa mbaya ikichajiwa, nami nilikuwa nimekwisha kumpa mama yule hewa mbaya ya kutosha. Tukawasha kila kitu. Kwenye betri, kumi na mbili nukta nne. Chumbani, kwenye taa ikiwa inawaka, kumi na mbili nukta tatu. Chumba kikawa cheupe hata mchana, isipokuwa ule ukuta.

"Na simba yangu?" Josiah akauliza. "Mimi nitakaa giza?"

"Simba itapata paneli yake ndogo, na betri yake ndogo."

"Televisheni je?"

"Televisheni ina bahati. Imehamia karibu na betri bila kutoka mahali pake."

Kitanda kikarudishwa. Ukuta ulipakwa chokaa. Nikaondoka jua likiwa bado juu.

Mama Rebeka alirudi nyumbani baada ya siku chache. Nilikwenda kumjulia hali, nikaketi kiti changu cha karibu na lango, nikauliza kama kawaida, "Taa zinaendeleaje, Mama?"

"Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Nilitambua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimeutumia msemo huo mahali pa mita, na kwamba ungesomeka vivyo hivyo hata kama taa zingekuwa zimezimika kabisa. Nikamwita Senje kando. "Mwambie namwomba, kukiwa na ubaya wowote aniambie. Hata anitukane."

Senje aliingia, akatoka. "Anasema hajui kumtukana mkwe. Anauliza kama kuna mahali watu wanafundishwa."

Nilirudi mara ya pili, ya tatu. Nzuri sana. Mungu akubariki. Mke wangu alilala huko akaniambia ni kweli, chumbani taa ni nyeupe na mkebe hauonekani. Nilimwamini mke wangu. Lakini ni Mama niliyetaka kumsikia, kwa sababu mke wangu hangekuwa huko kila jioni, na kifua kilikuwa cha Mama.

Mara ya nne nilikuwa nimekwisha kuaga, nimesimama, kofia mkononi.

"Mwanangu," sauti ikaita kutoka nyuma ya mlango.

"Naam, Mama."

Nilimsikia akihema, kisha akikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu anayetafuta ujasiri.

"Ile ya jikoni," akasema. "Ni hafifu."

Senje aliweka mkono mdomoni. Josiah, aliyekuwa akifuta pikipiki, alisimama wima. Mimi nilitoa mita mkobani, nikaenda jikoni. Kumi na moja nukta mbili. Alikuwa sahihi. Kiungo kimoja nilichokifunga kwa haraka siku ile ya vicheko kilikuwa kimelegea na kuanza kuota kutu ya kijani. Nikakikata, nikakisugua, nikakikaza upya. Ikawa kumi na mbili nukta tatu.

"Na sasa, Mama?"

"Sasa inafaa," akasema. Hakusema nzuri sana.

Aibu haijaniisha. Watu wa kule bado hunisalimu wakiuliza kama nimekuja kuhamisha vitanda, nami huinamisha kichwa na kupita. Sikuandika haya ili inipungue. Nimeandika kwa sababu wewe utafanya kazi kwa watu wanaokuheshimu, nao watakuficha.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimuulize mwenye nyumba kama taa ni nzuri. Muulize ipi ni mbaya kuliko zote. Kisha washa kila kitu kilichomo bomani, pima kwenye betri, uende ukapime kwenye taa hiyo ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, usiondoke.